Mtoto Apewe Kazi Yake, Si Kazi ya Mizani



Wakati wa mavuno, tunapopita katika vituo vya kuoshea kahawa huko Muyinga, tunawakuta akina mama wakichambua kahawa kwenye meza za kuanikia, na watoto wao wadogo wamekaa chini ya meza hizo hizo. Tukiuliza watoto wanafanya nini, tunajibiwa, "Wanacheza tu." Jibu hilo leo tunalipinga.

Mtoto wa miaka minne anayefinyanga udongo au kupanga punje za maharagwe hapotezi wakati. Anaufundisha mkono wake, na mkono unaifundisha akili.

Tukitazame kikapu cha agaseke kinachosukwa hapa Gitega. Msukaji huanzia katikati ya kitako, akazungusha nyasi na kuzifunga mzunguko juu ya mzunguko. Mzunguko wa kwanza ukilegea, kikapu chote hupinda, na hakuna dawa ila kufumua na kuanza upya. Mtoto anayeachiwa mabaki ya nyasi kando ya mama yake hujifunza kuhesabu na kulinganisha. Zaidi ya yote, hujifunza kufumua bila kukata tamaa. Vivyo hivyo kule Gishora, watoto huwatazama wakubwa wakipiga ngoma, kisha huyarudia mapigo mpaka mkono ushike. Ngoma hizo za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni wa binadamu, hazikurithishwa kwa kusoma kitabu.

Sisi wazazi tuna kosa letu. Tunarudi nyumbani tumechoka, tunamwona mtoto akihangaika na kamba ya kiatu, tunamnyang'anya na kuifunga wenyewe. Tumeokoa dakika moja na tumemnyima somo la subira.

Tena mambo haya si ya matajiri. Mwaka 1907 huko Roma, Italia, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga na kufunga, akawaacha wajaribu wenyewe. Leo shule nyingi zenye jina lake ni za wenye fedha. Jambo lililoanza kwa watoto wa wafanyakazi, kwa nini tuwaachie wengine?

Wako watakaosema: basi watoto wachume kahawa pamoja nasi, maana nako ni kujifunza. La, hasha! Kazi inayomfundisha mtoto ni ile anayoweza kuiharibu na kuianza tena, na akichoka akaiacha. Kahawa hulipwa kwa kilo. Mbele ya mizani hakuna nafasi ya kukosea wala ya kupumzika, na faida yake si ya mtoto. Burundi imeridhia Mkataba Namba 138 na Namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, inayokataza ajira ya watoto. Mtu asitumie maneno yetu kuivunja.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, kila mzazi ampe mtoto kazi moja ndogo iliyo yake: kuchambua maharagwe ya chakula cha jioni, kusuka kamba ya migomba, kutengeneza gari la waya. Aachwe aimalize mwenyewe, hata ikipinda. Pili, tunapokutana na waajiri, pamoja na mshahara tudai kibanda chenye kivuli karibu na mahali pa kazi, na mama mmoja anayelipwa kuwaangalia watoto. Udongo, nyasi na punje tunavyo tayari. Gharama yake ni ndogo, na mama ambaye mtoto wake yuko salama hufanya kazi kwa moyo mtulivu.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tuwalee watoto wanaojua kufumua na kusuka tena, kwa maana hata chama chetu hujengwa hivyo hivyo.

Umoja ni nguvu!