Mama Huyu Amevumilia Nini?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii hunijia kila nisikiapo, iwe ni Nyeri mjini, Kerugoya au Nanyuki, mama anayelea mtoto mwenye ulemavu wa akili akisifiwa hadharani kwamba ni mvumilivu. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, mimi niliye mwalimu wa isimu naiona ina kasoro ya kisarufi ambayo pia ni kasoro ya kimaadili.

Kitenzi "kuvumilia" huhitaji yambwa: mtu huvumilia jambo fulani. Sisi husema "mama huyu amevumilia" tukakomea hapo. Amevumilia nini? Wengi hudhani ni mtoto. Kumlea ni kazi nzito, naam, lakini yapo mengine tuliyomwongezea sisi.

Kwanza, anavumilia ndimi zetu. Huambiwa nyumba yake ina laana, ilhali madaktari wanajua kwamba ulemavu huu waweza kuletwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au kromosomu ya ziada. Mwanawe huitwa "kirimu" kwa Gikuyu na "zuzu" kwa Kiswahili. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria hiyo haijafika sokoni Karatina wala ndani ya matatu.

Pili, anavumilia upweke. Mchuma chai wa Othaya hulipwa kwa kilo. Siku asipopata wa kumwachia mtoto, hachumi, asipochuma, halipwi. Mpango wa Inua Jamii hutenga Sh2,000 kwa mwezi kwa familia inayotunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizo hazifiki Sh70 kwa siku.

Je, tufanye nini? Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya malezi ya watoto. Basi Nyeri, Kirinyaga na Laikipia zifungue vituo vya kutwa vinavyowapokea watoto hawa, vyenye walezi waliofunzwa. Wakati tunangoja, vikundi vya akina mama na makanisa yetu vinaweza kuanza leo. Kina mama wetu wamezoea kupokezana zamu za kulima na za kuchangiana fedha. Ni kipi kinachowazuia kupokezana zamu za kumkalia mtoto mmoja nusu siku, mamaye apate kwenda sokoni, hospitali, au hata kulala?

Akina baba pia wasijitenge. Wapo waliohama nyumba mara tu mtoto alipobainika kuwa na ulemavu, kana kwamba mimba ilikuwa ya mtu mmoja.

Uvumilivu ni fadhila, lakini usiwe kisingizio chetu. Atakayemsifu tena mama huyu na aikamilishe sentensi yake: ataje anachokivumilia, kisha aseme yeye mwenyewe atampunguzia nini.