Hataza: ukishaonyeshwa, kila kitu huonekana rahisi

Fungua simu yoyote kwa fundi wa hapa Rasbura, utakuta ndani kibao chembamba chenye vinjia vya shaba vya kupitishia umeme. Mafundi wanakiita bodi. Bodi hiyo iliwahi kuzua ubishi mkubwa mahakamani, na swali lililobishaniwa linawahusu pia wabunifu wetu: njia mpya ya kutengeneza kitu inastahili hataza, au ni jambo ambalo fundi yeyote angelifikia?

Hataza ni hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake kibiashara kwa muda maalumu. Kwa Tanzania Bara inasajiliwa na BRELA. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, uweze kutumika katika uzalishaji, na usiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo. Sharti hili la tatu ndilo gumu.

Paul Eisler, mhandisi aliyehamia Uingereza kutoka Austria, aliomba hataza mwaka 1943. Wakati huo nyaya za redio ziliungwa kwa mkono, mmoja mmoja. Yeye alibandika shaba nyembamba juu ya kibao kisichopitisha umeme, akachapa mchoro wa vinjia, kisha akaacha kemikali ile shaba isiyofunikwa. Shaba, uchapaji na kemikali vyote vilikuwa vikijulikana. Mwaka 1963 mahakama ya Maryland, Marekani, ilizikataa hataza zake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliona uvumbuzi haukuwa dhahiri. Hoja yao ni hii: ukishajua jibu, ni rahisi kurudi nyuma hatua kwa hatua na kudai kila mtu angeliona.

Kipimo hichohicho hufanya kazi upande wa pili pia. Kampuni moja ya Uholanzi ilikuwa na hataza ya unga wa tefu, nafaka ambayo Waethiopia wanapikia injera tangu enzi. Mwaka 2018 mahakama ya The Hague iliibatilisha hataza hiyo nchini humo kwa kukosa uvumbuzi.

Kwa maoni yetu, kipimo kikilegea, mwenye fedha atajimilikisha maarifa ya wanakijiji. Kikikazwa mno, fundi aliyeboresha mashine ya kubangua korosho ataambiwa, "Hata mimi ningeweza."

Kinga ya yote mawili ni kumbukumbu. Fundi, andika tatizo lilikuwa nini, wengine walijaribu nini wakashindwa, na tarehe uliyofanikiwa. Usiionyeshe hadharani kabla ya kuomba hataza. Nanyi wakulima wa ufuta na mwani, andikeni namna mnavyofanya kazi zenu leo. Siku mgeni akidai njia hiyo ni yake, maandishi hayo yataonyesha kwamba mlimtangulia.