Nani alilisha jeshi la Lettow?

Kila panapotajwa vita vya Tanga vya Novemba 1914, hukosi kumsikia mtu akimsifu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu. Mwanajeshi wa ukoo wa kikabaila wa Prussia, muungwana wa vita, hakushindwa kamwe, askari wake Waafrika walimpenda mpaka siku ya mwisho. Mzungu akiyasema hayo nayavumilia. Mtanzania mwenzangu akiyasema naumia, kwa sababu sifa hizo zimejengwa juu ya makaburi ya babu zetu.

Kwamba alijua vita, sibishi. Pale Tanga, akiwa na watu wapatao 1,000, aliwarudisha baharini Waingereza na Wahindi waliokaribia 8,000. Lakini gavana wake, Heinrich Schnee, alitaka koloni likae nje ya vita. Lettow ndiye aliyeshikilia tupigane, na sababu yake hakuificha: Waingereza washughulishwe huku ili wasipeleke majeshi Ulaya. Yaani vijiji vyetu viungue ili mahandaki ya Ufaransa yapate nafuu.

Na hilo la kutoshindwa lina maana gani? Novemba 1917 alifukuzwa katika koloni alilotumwa kulilinda, akavuka Ruvuma kuingia kwa Wareno, wagonjwa na majeruhi wengi akiwaacha nyuma. Mwaka mmoja baadaye akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Tuje kwenye chakula, maana ndipo ukweli ulipo. Chukua mpagazi mmoja. Kichwani ana mzigo wa unga wa kilo 25. Ili atembee kutwa juani anahitaji kama kilo moja kwa siku. Siku ya 25 mzigo umekwisha, ameula mwenyewe, na askari aliye mbele yake hajaonja hata kiganja. Sasa zidisha kwa maelfu ya wapagazi, kwa miaka minne. Jeshi la namna hiyo halilishwi na ghala lolote. Linalishwa na vihenge vya watu: mtama, mihogo, mbuzi, ng'ombe, na mbegu zilizowekwa kungoja mvua. Wenye nguvu za kulima nao wakakamatwa wakabebeshwa mizigo. Wanaosifu jinsi Lettow alivyoweza kuishi porini bila msaada kutoka Ujerumani wajiulize pori gani linalozaa unga.

Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa katika jeshi hilohilo, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Huyo ni Mjerumani, na alikuwapo.

Ugogo, huko Dodoma, uliporwa mara mbili, kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza, ambao nao siwatetei hata kidogo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ya kumshika mtu mkono. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000.

Na mapenzi ya askari? Mwaka 1916 walizidi 10,000. Pale Abercorn walikuwapo 1,168. Wengi waliuawa, wengine walitekwa au kuachwa wagonjwa, na maelfu walitoroka, jambo ambalo wasimulizi hulipita kimya. Waliobaki nawaheshimu, ila kubaki si kupenda. Askari aliye mamia ya kilomita kutoka kwao, anadai mshahara wa muda mrefu, mkewe na watoto wakimfuata katika msafara uleule, angekwenda wapi? Tena huyo bwana wanayemwita muungwana alikuwa amekwisha kutumikia chini ya Lothar von Trotha katika vita vya kuwaangamiza Waherero, Namibia, mwaka 1904. Muungwana kwa nani?

Wapagazi hata kuhesabiwa vizuri hawakuhesabiwa. Cheo cha Lettow tunakijua, ukoo wake tunaujua, hata siku aliyozaliwa tunaijua: 20 Machi 1870. Aliyembebea unga hatumjui jina.

Tarehe 2 Machi 1919 Lettow alipita Lango la Brandenburg, Berlin, juu ya farasi, umati ukimshangilia. Siku hiyo Ugogo ulikuwa bado ndani ya Mtunya.