Garanti Si Fungu la Mwenye Nyumba

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja wa hapa Lubumbashi, ambaye mahubiri yake hurushwa redioni asubuhi, aliwageukia wapangaji. Alisema mpangaji anayehama na kudai garanti yake yote, yaani pesa aliyoweka kwa mwenye nyumba alipoingia, ni mtu asiye na shukrani: amekaa ndani ya nyumba ya mwenzake miaka mitatu, minne, kisha anataka kuondoka kana kwamba hakuikanyaga. Akaongeza kwamba garanti ni fungu la mwenye nyumba, limewekwa ili atengeneze nyumba yake upya. Waumini wakaitikia amina. Mimi nilizima redio, na hasira niliyokuwa nayo haijapoa mpaka sasa ninapoandika.

Pasta huyo hakutunga jambo jipya. Alisema kinachoaminiwa katika komuni zetu za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, na hata mtaa wa Golf ambako kodi huhesabiwa kwa mamia ya dola. Muulize mtu yeyote garanti ni ya nini, atakuambia ni ya kupaka rangi mpangaji akitoka. Wapangaji wenyewe wameshika imani hiyo. Ndiyo maana wanapakia magodoro na masufuria kwenye mkokoteni, wanampa mwenye nyumba funguo, wanapokea hizo dola chache wanazotupiwa, na kusema asante.

Asante ya nini? Mpangaji alilipa kodi. Kila mwezi alilipa, na kodi hiyo ilinunua kitu: kufungua mlango na kuufunga, kukanyaga sakafu, kuegemea ukuta, kuwasha taa na kuzima, kulaza watoto, kupokea wageni. Nyumba ikikaliwa inachakaa. Rangi inafifia, bawaba zinalegea, saruji ya mlangoni inalika kwa miguu ya watu. Uchakavu huo ndio uliouzwa na kununuliwa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi 36 amekwisha kulipwa kwa rangi iliyofifia katika miezi hiyo 36. Akikata tena kwenye garanti, ameuza kitu kimoja mara mbili. Ukipanda basi kutoka Kenya hadi mjini na kulipa nauli, nani atakuzuia mlangoni unaposhuka akudai pesa za matairi yaliyolika njiani? Abiria wote wangepiga kelele. Kwenye nyumba tunanyamaza.

Na sheria ipo, ya zamani kuliko mji wenyewe. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa wakati wa Leopold II, miaka zaidi ya ishirini kabla Élisabethville, Lubumbashi ya leo, haijaanzishwa mwaka 1910, inasema mpangaji arudishe nyumba jinsi alivyoipokea kulingana na karatasi ya hali ya nyumba, isipokuwa kile kilichoharibika kwa uzee au kwa nguvu isiyozuilika. Uzee wa nyumba si deni la mpangaji. Serikali ya Leopold haikumhurumia Mkongo kwa lolote, lakini hata wanasheria wake hawakuthubutu kuandika kwamba mpangaji alipe uzee wa ukuta. Leo, tukiwa huru tangu 1960, tunamfanyia jirani yetu jambo ambalo maandishi yale yalilikataa.

Kisha ikaja sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupangisha zisizo za biashara. Imeweka mpaka: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kinshasa watu wanadaiwa mpaka miezi kumi, na huku kwetu wapo wenye nyumba wanaotaka miezi sita bila haya. Ukitaja sheria, wanakuonyesha barabara. Chumba kitapata mtu mwingine kabla ya jioni, wanajua hivyo.

Nilikuwepo mama mmoja mjane alipohama vyumba viwili huko Kenya. Ni jirani yangu wa siku nyingi, muuza mboga, anaamka kabla ya jogoo. Alikuwa ameweka garanti ya dola 240. Mwenye nyumba alikuja na kalamu sikioni. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe kwa chokaa, akakiinua mbele ya macho ya yule mama kama ushahidi wa wizi. Chokaa! Rangi ya chokaa huacha vumbi kidoleni tangu siku inapokauka, hata nyumba isiyowahi kukaliwa na mtu. Akakwangua kwa ufunguo kando ya dirisha ili rangi ibanduke, akasema, "Unaona?" Alipofika kwenye plafoni yenye doa la maji, mama akamkumbusha kwamba mvua za Januari zilipitia kwenye bati lililotoboka, na kwamba alimwambia mara nyingi alitengeneze. Hakujibu. Aliandika hesabu yake nyuma ya fakture ya Snel, kampuni ya umeme: rangi, plafoni, kitasa, fundi, usafiri wa fundi. Jumla ikaacha dola 35. Hizo nazo hakuwa nazo. "Mama, ngoja mpangaji mwingine aingie, nitakupa."

Hapo ndipo siri yote ilipo. Garanti haikai popote. Haiko benki, haiko sandukuni. Ilipoingia mkononi mwa mwenye nyumba ilinunua saruji ya chumba kingine katika lupangu lilelile, au ililipa karo za shule, au ilizika mtu. Siku mpangaji anapohama pesa hakuna, kwa hiyo makosa lazima yatafutwe. Kidole kinapita ukutani kwa sababu mfuko ni mtupu. Mpangaji mpya akileta garanti yake, sehemu ndogo inamfikia aliyetoka, nyingine inaliwa, na yeye naye siku yake itafika.

Wanaowatetea wenye nyumba wana hoja yao kubwa: wapangaji wanapikia ndani kwa mbabula ya makala, kuta zinakuwa nyeusi. Nimesikia hoja hii mpaka masikio yamechoka. Hivi watu wapikie nini? Umeme wa Snel unakatika siku nzima, wakati mwingine unakuja saa nane usiku watu wakiwa wamelala, na ukija kwa nguvu isiyo na kipimo unaunguza friji. Mkoa huu umebeba nyaya zinazoleta umeme wa Inga kutoka mbali kabisa, magharibi mwa nchi, kwa ajili ya migodi, lakini mama wa Katuba anasonga bukari kwa makala huku misitu ya miombo inayouzunguka mji ikikatwa mti baada ya mti. Na mwenye nyumba huyo anayelalamikia moshi ndiye aliyejenga vyumba vinne bila jiko hata moja. Alipochora nyumba yake alidhani wapangaji hawatakula?

Sisemi mpangaji aliyevunja kioo asilipe. Aliyevunja mlango kwa teke, aliyeng'oa soketi akaondoka nazo, alipe, tena alipe vizuri. Huo ni uharibifu, na garanti iliwekwa kwa ajili yake, pamoja na kodi iliyobaki bila kulipwa. Lakini mwenye nyumba anatakiwa aonyeshe kilichovunjwa na kwamba kilikuwa kizima siku ya kwanza. Kidole chenye chokaa hakionyeshi lolote.

Na tusiwasahau makomisionere. Komisionere, huyo dalali wa nyumba, anakutembeza jua kali kwenye nyumba tatu ambazo hata funguo zake hana, kisha anadai kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukunong'oneza namba ya simu. Familia inayohama inalipa komisionere, inalipa garanti mpya, inalipa gari la mizigo, wakati garanti ya zamani imekwama kwa mtu anayesema ngoja. Ndiyo maana wengi wanaishia kukopa kwa riba, na wengine kurudi kwa wazazi na watoto wao.

Sasa namgeukia Pasta, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua kuleta jambo hili madhabahuni. Afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mistari ya 10 hadi 13. Pale mkopeshaji anakatazwa hata kuingia ndani ya nyumba ya mwenzake kuchukua rehani. Asimame nje aletewe. Na kama aliyeweka rehani ni maskini, vazi lake lirudishwe jua linapotua ili apate kujifunika usiku. Hiyo ndiyo roho ya Maandiko juu ya mali ya maskini iliyo mikononi mwa mwenye nguvu. Yule mama wa Kenya amesubiri dola zake 35 tangu kabla ya Pasaka. Pasta ana vipaza sauti, ana redio, ana wenye nyumba wengi kwenye viti vya mbele. Awahubirie hao.

Na wewe unayehamia mwezi huu, usiingize hata mkeka kabla ya kuandika hali ya nyumba: ukuta, plafoni, vitasa, vioo, choo, bati linalovuja. Piga picha kwa simu, wewe na mwenye nyumba mwandike majina na saini, karatasi ipigwe mhuri kwenye Service de l'Habitat ya komuni yako. Akikataa kusaini, tafuta nyumba nyingine kama unaweza. Siku ya kutoka akikata pesa ya rangi iliyozeeka, rudi Habitat na karatasi yako, na wakishindwa kuwapatanisha nenda mahakama ya amani. Pesa ile ni yako.