Daftari la wiki: Ripoti, rasta na jezi ya njano

JUMATATU. Stendi ya Makumbusho saa kumi na mbili na robo asubuhi si mahali pa mtu mwenye haya. Daladala ikiingia, watu wazima na tai zao wanapita hadi dirishani, na wanafunzi wanabaki wamekumbatia mabegi kifuani, wakimsoma konda usoni. Konda naye ana shida zake. Mwanafunzi analipa shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, siti ni ile ile, na jioni bosi anadai hesabu yake bila kuuliza ulibeba nani. Basi mlangoni pametungwa sheria isiyoandikwa popote: wanafunzi wawili, watatu, wengine msubiri inayokuja. Inayokuja nayo inasema hivyo hivyo.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara nangoja gari la Posta, nikamwona binti yangu mkubwa, yuko kidato cha pili. Yeye hakuniona. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mguu mmoja tayari kwenye ngazi. Nyuma yake kulikuwa na vitoto viwili vya darasa la pili hivi, sweta zimewameza hadi vidoleni. Konda akanyoosha mkono kuziba mlango. Binti akashuka, akavishika mabega vile viwili na kuvipitisha chini ya kwapa la konda kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, kisha akasema neno ambalo kwa kelele za pale sikulipata. Konda alicheka, akagonga bodi, gari likaondoka. Yeye akabaki stendi.

Jioni habari ilinifikia kwa upande wa pili: mtoto kachelewa, kaandikwa kwenye orodha ya wachelewaji, kafagia uwanja. Nilimwambia kesho atoke mapema kidogo. Watu wa ofisini, hao nilikuwa nimeshawapa kisa chote tangu saa tatu asubuhi, pamoja na kuigiza kwapa la konda.

JUMANNE. Kijana mmoja wa idara yetu kapata mtoto wa kwanza. Amekuja na soda za kutosha idara nzima na macho mekundu, kisha akauliza kwa unyonge ruhusa yake inakwisha lini. Inakwisha kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku tatu zenye malipo, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mama anapewa siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, wamempa baba wiki mbili.

Siku tatu zinatosha nini? Ya kwanza inaishia kwenye benchi la hospitali na kwenye simu: kila shangazi anataka kujua mtoto kafanana na nani, na kila jibu lina upande litakaouudhi. Ya pili ni ya kutumwa. Kuku wa kienyeji, pilipili manga ya uji, beseni kubwa, mkaa, kitenge cha kumshika mama tumbo. Ya tatu unarudi dukani kwa sababu kuku uliyemleta si wa kienyeji.

Mila zetu za pwani zimempangia mzazi siku arobaini za kukandwa maji ya moto na kulishwa, na ndani ya siku hizo mwanamume hana cheo chochote. Chumba ni cha mama, bibi na makungwi. Anaingia kwa kubisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaonyeshwa mtoto dakika chache, anaambiwa mikono ya baridi, anatoka. Nadhani waliotunga sheria walikulia kwenye nyumba hizo. Walimwona baba amesimama mlangoni na mfuko wa nyama, wakaamua siku tatu zinamtosha kuufikisha. Lakini kijana wetu na mkewe wamepanga vyumba viwili Goba, bibi mmoja yuko Songea na mwingine Bukoba, na wa kukanda ni yeye. Kesho kutwa atakuwa mezani kwake anasinzia, na sisi tutamtania.

JUMATANO. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa kuna mzee seremala ambaye binti yake anasomea uuguzi Muhimbili. Najua anasomea uuguzi, najua yuko mwaka wa tatu, najua wodi aliyopangiwa mwezi huu, na najua kwamba wiki iliyopita alimchoma sindano mgonjwa aliyeogopwa na wenzake wote na mgonjwa hakusikia kitu. Kijiwe kizima kinajua. Muuza kahawa anaweza kusimulia bila kupewa nafasi ya kuvuta pumzi.

Leo binti mwenyewe alipita, ametoka zamu, mkoba begani. Akatuamkia wote shikamoo, tukaitikia. Mzee akamtazama mara moja tu, akauliza, "Umekula?" Binti akajibu bado. "Nenda kale," mzee akasema, akarudisha macho kwenye drafti. Alipokata kona tu, mzee akatugeukia: "Mnamwona alivyochoka? Hao ndio wanaobeba hospitali."

Wako wanaosema huo ni ukavu wa wababa wa zamani. Mimi sikubaliani nao sana. Hapa kwetu sifa inayosemwa mbele ya mtoto ina woga wake: wengine wanahofia kijicho, ndiyo maana huwezi kumsifu mtoto wa mtu bila kusema mashaallah, wengine wanahofia mtoto atavimba kichwa. Sifa inapelekwa nje, kwa watu, nao wataifikisha nyumbani wakati wake. Binti wa seremala anajua yote yanayosemwa kijiweni, kwa sababu muuza kahawa humwambia anapopita peke yake.

Na jambo hili halikuanza na seremala wetu. Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina na kubaki na watoto, aliwaandikia tenzi mbili: Hati kwa binti, Adili kwa mwana. Kabla yake, katikati ya karne ya 19, Mwana Kupona wa upande wa Lamu alimtungia binti yake utenzi akiwa mgonjwa. Ukizisoma kutafuta mahali mzazi anapomwambia mtoto "najivunia wewe", utachoka. Kuna mcheni Mungu, shikeni adabu, chungeni ulimi, tunzeni nyumba. Nasaha tupu, ubeti baada ya ubeti. Ila hakuna mtu anayekesha na vina na mizani kwa ajili ya mtoto asiyemthamini. Kazi yenyewe ndiyo sifa, na msomaji wa Kiswahili huielewa hivyo bila kuambiwa. Mtoto wa miaka kumi na minne je, anaielewa? Hapo ndipo nilipomwachia seremala drafti yake nikaenda zangu nyumbani.

IJUMAA. Shule zimefungwa na ripoti zimeingia. Mwanangu wa pili, wa darasa la tatu, aliifikisha yake ikiwa imekunjwa mara nne, ishara ambayo kila mzazi anaifahamu.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wake wa kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa. Wenye shule binafsi walinung'unika, maana ile orodha ilikuwa tangazo la bure. Wengi wetu tulipiga makofi. Tulisema mtoto si farasi wa mashindano, kila mmoja na kipaji chake, na mengine yanayosemwa na watu walioshiba. Leo, miaka kadhaa baadaye, mtoto alipovuka kizingiti, mama yake alikuwa jikoni, shangazi yake alikuwa kwenye simu kutoka Morogoro, bibi wa jirani alikuwa barazani anachambua mchele. Wote watatu, bila kupanga, waliuliza swali moja: "Umekuwa wa ngapi?"

Wa 34. Kati ya 71, akaongeza haraka, kisha akaeleza kwamba kuna watu saba wamefungana, hivyo kwa namna fulani yeye ni wa 28. Hesabu kapata 51. Kwa hoja ile ningempa zaidi.

Maoni ya mwalimu wa darasa: "Ana akili ila anaongea sana. Aongeze bidii." Nimewahi kuona ripoti za watoto wa marafiki zangu, na naamini maneno haya yanauzwa kwa muhuri pale Kariakoo. Lakini ndani ya ripoti kulikuwa na daftari la utungaji, na humo kuna insha yenye kichwa "Familia yangu". Nainakili sehemu kama alivyoandika: "Baba yangu ni mrefu. Kazi yake ni kuandika na kutafuta funguo. Mama akizipata anamwambia zilikuwa hapa hapa. Baba akicheka tumbo linacheka pia." Mwalimu ametia tiki kubwa, kumi na nane kati ya ishirini. Mbili zimekatwa kwa mkato uliosahauliwa.

Insha imebandikwa kwenye jokofu. Ripoti iko kabatini, chini ya stakabadhi za ada na risiti za LUKU.

JUMAMOSI. Mama watoto ana kikao cha kikoba, kwa hiyo zamu ya kumpeleka kitinda mimba kwa msusi ikaniangukia. Shule ya chekechea hairuhusu rasta, na likizo ndiyo nafasi pekee, hivyo alikuwa ameamka saa kumi na moja akiuliza kama kumekucha.

Msusi wetu anasukia chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, Mwananyamala. Nilidhani ningekaa na gazeti. Nikapewa kigoda na bunda la rasta na kuambiwa nichambue. Kwa mwanamume asiyejua: rasta inatoka dukani imenyooka na ncha zake zimelingana kama ufagio mpya, na ukiisuka hivyo inakatika butu mwishoni. Unaishika katikati, unaivuta kidogo kidogo pande zote mbili hadi ncha zipishane, kisha unagawa vishungi vya unene mmoja na kuvitundika kwenye mgongo wa kiti. Vyangu vya mwanzo vilirudishwa. "Baba, hiki cha mtoto au cha kufungia ng'ombe?" Baadaye nilizoea kidogo, vidole vikaanza kukadiria vyenyewe. Mtoto alikuwa amekaa chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, akivuta pumzi kwa meno kila mstari ulipoanza karibu na paji la uso. Hakulia. Kila baada ya muda alipeleka mkono nyuma kupima umefika wapi, na mkono ukapigwa kofi la upendo. Mwisho yalikuja maji ya moto kwenye jagi, ncha zikachovywa zisifumuke, na taulo begani kwangu kwa sababu ndilo bega lililokuwa karibu.

Kina mama waliokuwa wakingoja zamu walinisifu hadi nikaona aibu. Baba mwenye mapenzi, baba wa kisasa, wangu hata hajui mtoto anasukwa wapi. Sifa za bei chee kabisa. Mke wangu amekaa kwenye kigoda kile mwaka mzima na hakuna aliyemwita mama wa kisasa. Yeye akienda huambiwa amechelewa. Mtoto aliyasikia yote, na barazani alipofika alimtangazia bibi wa jirani: "Baba ndiye alichambua, ila msusi alirudia."

JUMAPILI. Nyumba yetu imegawanyika, na nimegundua mgawanyiko wenyewe una sababu za kihistoria. Mimi ni Simba kwa kurithi. Binti mkubwa ni Simba kwa sababu alianza kufahamu mpira wakati Simba inachukua ubingwa misimu minne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Mdogo wake wa darasa la tatu alipoanza kutofautisha mpira na chungwa, Yanga ikaanza ya kwake: 2021/22 hadi 2024/25, minne pia. Mtoto hachagui timu, anazaliwa kwenye zama. Ukiongeza na mjomba wake, mtu wa Jangwani kindakindaki, aliyemletea soda mbili kubwa usiku ule wa Novemba 2023 tulipofungwa tano kwa moja, kesi imekwisha.

Nimejaribu kumpa historia. Nilimweleza Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, na Abdallah Kibadeni peke yake katupia matatu. Alisikiliza kwa heshima. Kisha: "Baba, ulikuwepo?" Nikasema sikuwa nimezaliwa, ila babu yako alinisimulia. "Basi hiyo ni ya babu," akasema. "Ya kwako ni ipi?"

Ameomba jezi ya likizo. Ya njano. Nimeshampa mjomba wake hela, kwa sharti kwamba mimi sitaingia kwenye duka lile. Tatizo ni kwamba babu mwenyewe anakuja Jumatano kutoka Tanga, atakaa nasi wiki mbili, na ana shinikizo la damu. Mama watoto anashauri tumwambie mzee ni sare ya michezo ya shuleni.