Mbusa si Busa

Bamama na bapapa wa machimboni, leo mtuvumilie kidogo. Tutaongea juu ya pua.

Mwenzetu mmoja alifia ndani ya shimo, upande wa Manguredjipa. Sote tulimjua kwa jina la Mbusa, mtoto wa sita wa kiume kwao. Kila wiki alikuwa akitoa mchango wa matanga katika koperative yake. Mjane alipokwenda ku biro kudai ile pesa, sekretere alifungua kitabu akamwambia: mama, hapa kuna Busa, Mbusa hakuna. Karte ya kura, ambayo kwetu njo kitambulisho, ilisema Mbusa. Huyu mama alipanda pikipiki kwa deni mara nne, kwenda Butembo na kurudi. Sisi wa sendika tukaingia, tukaleta mashahidi, mwishowe wakalipa nusu. Herufi moja ilikula nusu nyingine.

Tuliuliza ilitokeaje. Kumbe marehemu alijiandikisha jioni, akitoka kutwanga mawe, pua imejaa vumbi. Finga pua yako sasa hivi, useme «mama». Inatoka karibu «baba», sivyo? Midomo inafungwa sawasawa kwa m na kwa b. Tofauti iko nyuma: kipande laini cha nyama, juu ya koo, kinashuka na pumzi inapita puani, njo tunapata m. Kikipanda na kuziba njia, tunapata b. Ni vile vile kwa n na d, ulimi ukigusa nyuma ya meno, na kwa ng' na g kule ndani zaidi. Sasa mtu ambaye pua imezibwa na vumbi la mawe, hata akisema Mbusa kwa nguvu zake zote, m haina mlango wa kutokea.

Lakini tusiweke yote juu ya vumbi. Sikio la sekretere nalo lilisomea Kifaransa. Kifaransa kina m na n, ila hakianzishi neno na mb wala nd. Na katikati ya neno, ile m inamezwa na vokali: mtu wa Kifaransa anasoma Kambale kama vile anasoma «chambre», midomo yake haifungi kwa m hata kidogo. Kwa hiyo katika madaftari tumekuta Busa, Embusa, M'Busa, na Kanyere ameandikwa Kagnere. Hatusemi ni ubaya wa moyo. Tunasema ni kazi iliyofanywa nusu.

Maana katika Kinande ile pumzi ya puani ina kazi yake. B yetu katikati ya vokali ni laini, midomo inagusana kidogo tu, ndiyo sababu hapa tunaandika Kavugho na ndugu zetu Wakonzo wa Uganda wanaandika Kabugho. Ikitanguliwa na m, inakuwa ngumu: Mbusa, Mbambu. Kwa Kiswahili tunasema ulimi, ndimi. Kwa Kinande olulimi, esyondimi. Ni n iliyogeuza l kuwa d. Waganda wanasema omuntu, Wanyarwanda umuntu, sisi tunasema omundu, kwa sababu kwetu n inailainisha t inayoifuata. Lingala imeitupa n kabisa, ikabaki moto. Watu wa pwani wanasema mtu, ile m inasimama peke yake, na wanatucheka tukisema mutu. Wacheke. Hakuna aliyekosea hapo, kila lugha imepanga pua yake.

Vuka mpaka pale Kasindi uone. Kambale wa Beni ni Bwambale kule Kasese. Katembo ni Thembo. Kichwa cha jina kinabadilika, lakini ile mb haiguswi. Ni mfupa wa jina. Sekretere akiutoa, ametengeneza mtu mwingine, na mtu mwingine hana mjane.

Mbali zaidi, Madagaska na Indonesia, wenye lugha zao zimetoka kwa bibi mmoja, pua inafanya kazi ingine: inameza konsonanti yenyewe. Kimalagasi, tapaka ni kilichokatika. Kukata ni manapaka, t imeliwa na n. Kwa Kiindonesia kirim, kutuma, inageuka mengirim, k imekwisha. Lakini mtoto wa Indonesia anafundishwa jambo hilo darasani. Sisi tulimaliza sekondari, tukajua accord du participe passé hadi leo, na juu ya mb ya majina ya baba zetu hakuna mwalimu aliyefungua kinywa. Siyo kwamba vitabu hakuna. Kamusi kubwa ya Kinande na Kifaransa, ya Kavutirwaki na Mutaka, ilitoka mwaka 2012. Ilitoka Tervuren, Ubelgiji.

Kwa nini tunasumbua watu na herufi? Kwa sababu tangu sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018, mchimbaji wa mikono anatakiwa kupitia koperative. Kitabu cha koperative kimekuwa kitu kikubwa. Ukipotea humo, umepotea mara mbili: ukiwa mzima na ukiwa umekufa.

Tunachodai si pesa nyingi. Sekretere aandike jina akiwa na karte ya kura mbele yake, si kwa sikio. Akimaliza, amsomee mwenyewe kwa sauti, na mwenyewe akubali. Aongeze jina la baba, la mama na la kijiji, maana Bambusa ni wengi. Na asimwandikishe mtu anayetoka kutwanga mawe kabla hajanawa uso na kupenga pua. PDG wa shimo wenye wanacheka hapa, wamwulize yule mama wa pikipiki nne.

Bamama, msingojee matanga. Siku ya soko mkishuka mjini, pitieni biro ya koperative ya bwana zenu, muombe kuonyeshwa ule ukurasa, muweke kidole juu ya herufi ya kwanza. Wakikataa kufungua kitabu, njooni kwetu sendika, tutaenda pamoja.