Pua Haina Pwani

Katika mabaraza ya visiwani na katika kumbi za harusi za Mrima yapo maneno yanayorudiwa kwa mzaha, na kwa kuwa ni mzaha hakuna anayejisumbua kuyajibu. Husemwa kwamba manukato ni elimu ya watu wa pwani. Kwamba mwanamke wa bara, hasa atokaye katika nchi ya ng'ombe na pamba, hununua harufu kama anunuavyo sabuni, na chupa yoyote yenye rangi ya kupendeza na jina la Kifaransa humtosha. Itajwe Bariadi, au Maswa, au Meatu, na kicheko kitasikika kabla ya hoja.

Maneno hayo hayana ukweli, na madhara yake si haba. Yanamdhalilisha mwanamke mwenye pua kama ya mwenziwe yeyote. Yanampa mchuuzi kisingizio cha kumuuzia atakacho, maana aliyekwisha kuitwa mjinga haonewi huruma akipunjwa. Tena yanawapumbaza watu wa pwani wenyewe, wakadhani kuwa ujuzi wa mabibi zao umo katika damu, ilhali ujuzi usiotumika hupotea hata katika nyumba ulimozaliwa.

Na uchunguzi uanze na hiyo pwani. Udi unaofukizwa Unguja, Mombasa na Lamu hautokani na mti wa Afrika Mashariki. Ni mti wa misitu ya Asia, kuanzia Assam hadi Indochina, ambao kiini chake hujaa utomvu wenye harufu baada ya kushambuliwa na kuvu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Unguja uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mlangilangi nao ni mgeni kutoka Asia ya kusini-mashariki. Marashi ya mawaridi yalishushwa bandarini kutoka Uajemi na Arabuni, na asumini pia ni mhamiaji. Cha pwani hasa ni ambari, ambayo bahari huitupa ufukweni pasipo kulimwa wala kutafutwa. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika habari za ambari ya nchi ya Zanji.

Basi fahari ya pwani iko wapi? Iko katika kuchagua. Wanawake wa pwani waliwapokea wageni hao wote na kumpa kila mmoja kazi yake na saa yake: udi chetezoni kwa nguo na nyumba, marashi mrashini kwa kuwapokea wageni, kikuba cha asumini, mkadi na rehani kwa jioni ya furaha, liwa kwa ngozi. Bibi Salme binti Said, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliwaeleza wasomaji wa Ulaya namna mambo ya manukato yalivyoshughulikiwa katika majumba ya Unguja, nao wakastaajabu. Lakini aliyoyaeleza yalikuwa mazoea yaliyofunzwa: mtoto alimwona mamaye, akaiga, akakosea, akakosolewa. Kinachofunzika Mjini Unguja hufunzika Bariadi.

Kutoka hapo hoja inavuka bahari, kwa sababu siku hizi yeyote anayeuliza juu ya manukato ya zamani ya kike, awe Mombasa, Maskati au Bariadi, hutajiwa majina ya Paris. Na majina hayo yana historia ya kweli. Mitsouko ya nyumba ya Guerlain ilitoka mwaka 1919. Chanel No. 5 ilitengenezwa na Ernest Beaux mwaka 1921. Shalimar, kazi ya Jacques Guerlain, ni ya mwaka 1925. Arpège ya Lanvin ni ya 1927. Joy ya Jean Patou, iliyotangazwa kuwa ghali kuliko manukato yote duniani, ni ya 1930. Na L'Air du Temps ya Nina Ricci ni ya 1948. Hizi ni kazi za sanaa, na asiyezipenda hana budi kuziheshimu.

Lakini heshima isigeuke ibada. Ndani ya Chanel No. 5, pamoja na asumini ya Grasse, mna langilangi. Na nchi inayojulikana kuliko zote kwa mafuta ya langilangi ni Komoro, visiwa ambavyo mswalihina wa Lamu angefika kwa jahazi pasipo kupotea njia. Harufu ya ua la kanesheni inayosikika katika L'Air du Temps hujengwa juu ya eujenoli, kiini kile kile ambacho ndicho sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Na vanilini, ambayo ndiyo iliyowapa watengenezaji wa Ulaya utamu waliouhitaji, kwa miaka mingi ilitengenezwa kutokana na eujenoli hiyo hiyo ya karafuu kabla ya viwanda kupata njia nyingine. Na katika zama hizo soko la karafuu duniani lilitazama Unguja na Pemba. Mwanamke wa pwani anayeipokea chupa ya Paris kwa mikono miwili, akamcheka mwenziwe wa Bariadi kwa kutoijua, anajivunia kitu ambacho sehemu ya viungo vyake ilichumwa na wakulima wa visiwani na kurudishwa kwa bei ya kigeni.

Kuna hila nyingine inayowapata wote, wa pwani na wa bara. Jina la zamani halina maana ya harufu ya zamani. Manukato mengi ya kale yalitegemea dondoo la ukoga unaoota juu ya magome ya mialoni ya Ulaya. Uchunguzi ulipoonesha kwamba baadhi ya kemikali zake hudhuru ngozi za watu, matumizi yake yakawekewa mipaka, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni ya kupiga marufuku mbili kati ya kemikali hizo. Miski ya paa haipatikani tena kwa urahisi, kwa kuwa mnyama mwenyewe analindwa na mkataba wa kimataifa. Zabadi ya fungo nayo imeachiwa nafasi yake kwa vitu vya maabara. Nyumba za manukato zikaandika upya mapishi yao na kuacha jina na chupa vilevile. Mabadiliko hayo mengine yalikuwa ya lazima na ya haki. Mengine yalikuwa ya kupunguza gharama tu, na hapo ndipo mithali ya mgema na tembo inapostahili kukumbukwa. Kwa vyovyote, anayenunua leo chupa mpya yenye jina la mwaka 1925 hanunui harufu aliyoisikia bibi wa mwaka huo.

Atasema mtu: basi na atafute chupa iliyotengenezwa zamani. Naam, zipo, na wapo wazikusanyao. Lakini uturi una maadui watatu: joto, mwanga na hewa. Harufu za jamii ya ndimu na bergamoti, ambazo ndizo hupiga puani kwanza, huwa za kwanza kuharibika. Kilichobaki huanza kwa ukali wa siki kabla ya kutulia. Chupa iliyokaa dirishani au chini ya bati la moto miaka 30 yaweza kuwa imekufa, japo kifuniko chake kinang'aa. Alama za kutazama si siri: rangi iliyoiva kupita kiasi, kiwango kilichoshuka ilhali chupa haijafunguliwa, kizibo kilicholegea. Chupa iliyohifadhiwa katika kasha lake, gizani na penye ubaridi, ndiyo yenye matumaini. Na bado hujatajwa ughushi, ambao huyafuata majina makubwa popote duniani. Manukato ya Paris yanayouzwa kwa bei ya mche wa sabuni yamejibu swali lake yenyewe.

Hapa ndipo Bariadi inaporudi katika hoja. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, ni nchi ya Wasukuma wakulima na wafugaji, na katika Meatu wamo pia Wataturu na Wahadzabe. Je, pua hufunzwa kwa chupa tu? Katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki mwanamke hufukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa mti aliouchagua mwenyewe, kwa sababu mti huu huyapa maziwa harufu njema na ule huyaharibu. Kitenzi ni kile kile: kufukiza. Wa pwani hufukiza kanga, wa bara hufukiza kibuyu, na wote wawili wanajua ni lini moshi umetosha na ni lini umezidi. Anayeutofautisha moshi na moshi ana pua iliyokwisha kusoma darasa la kwanza la uturi, na la pili pia.

Vilevile ipo harufu ambayo hakuna mwana wa Usukuma asiyeijua: harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu wa mbuga. Mjini Kannauj, India, mafundi hutwaa udongo uliochomwa, wakautia katika mtungi wa kukenekea, na mvuke wake wakaupokea katika mafuta ya msandali. Hupatikana uturi wenye harufu hiyo hiyo ya mvua, nao ni miongoni mwa manukato ya kale yanayoheshimiwa. Mwanamke wa Bariadi akiuonja uturi huo hahitaji kufasiriwa. Ataujua kabla ya mjuzi wa mjini kumaliza kulisoma jina la chupa. Kwa nini basi asiambiwe kwamba hayo nayo ni manukato ya zamani, na kwamba uzee wake ni mkubwa kuliko wa Paris?

Na chombo cha kupimia anacho shambani. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Katika Bara Hindi na Arabuni wazee walizoea kuchovya kipande cha pamba katika uturi na kukipachika sikioni, harufu ikawafuata mchana kutwa. Pamba safi hupokea mafuta, huyashika, na huyatoa polepole. Basi anayetaka kuchagua na afanye hivi: adondoshe tone moja juu ya pamba, asinunue siku hiyo. Ainuse mara moja, kisha baada ya saa moja, kisha asubuhi ya pili. Kinachosikika mwanzo ni salamu ya muuzaji. Kinachosikika asubuhi ndicho atakachoishi nacho. Likimpendeza, atie tone la pili juu ya ngozi ya mkono wake mwenyewe, wala si wa shoga yake, maana ngozi hazifanani. Na kama ngozi itawasha, aache. Katika jua la Simiyu uturi wa mafuta hudumu zaidi ya ule wa spiriti, unaoruka kama umande. Akifuata hayo, hatahitaji kujua kusoma Kifaransa, wala hatatapeliwa na kibandiko.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa, na kwamba mkulima anayengoja fedha ya pamba mara moja kwa mwaka, katika nchi isiyokosa ukame, ana haja kubwa kuliko harufu. Hoja hiyo husikika kama huruma, lakini hakuna anayemwambia mwanamke wa Unguja auze chetezo chake kwanza anunue unga. Mwanamke wa Bariadi hununua manukato tayari. Mnadani yamepangwa, na fedha yake inapokelewa. Swali lililopo ni kama atanunua kwa ujuzi au kwa kubahatisha. Fedha yake ikiwa chache, ndivyo anavyostahili kuelezwa zaidi.

Wafanyabiashara wa pwani wanaopeleka bidhaa zao Mwanza, Lamadi na Bariadi wana wajibu hapa. Waandike juu ya kichupa kilichomo ndani: kama ni msandali wa kweli au wa maabara, kama ni uturi mtupu au umechanganywa. Na wasitumie mwamko huu kung'oa msandali wa bara, ambao mafuta yake yamo katika mzizi na shina la chini, hata ukihitajika mti wote hung'olewa. Ulishavunwa kwa magendo kiasi cha kuingizwa mwaka 2013 katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Washairi nao hawana udhuru. Asumini imeimbwa hata imechoka, na kila anayeanza kutunga hukimbilia udi na ambari, kana kwamba Kiswahili hakijavuka Mrima. Lugha hii inasemwa Bariadi. Inapatana bei mnadani, inaposa, inaoza, inazika. Moshi wa kibuyu haujapata beti zake, wala udongo wa mbuga siku ya mvua ya kwanza. Atakayezitunga huenda asitoke kisiwani, na akija barazani na daftari lake, apewe nafasi ya kukaa.